Sehemu ya Okinyi

Opicho aliingia nyumbani na rangi nyeupe nyweleni. Hakuvua viatu, hakumsalimia mtu.

"Mama Whitney, ile programu yako ya dawa uliiuza?"

Muhonja alikuwa mezani akikata sukuma, kompyuta yake imefunguliwa kando ya sufuria kama kawaida. Alimtazama mumewe akidhani anatania. Tangu kiwanda cha plastiki kimfute kazi pamoja na wenzake, Opicho alikuwa akishika kibarua chochote kinachopatikana, na wiki hiyo alikuwa anapaka rangi kwenye hospitali moja ya watu wenye pesa upande wa Westlands.

"Niiuze wapi? Si unajua iko bure."

"Basi iko huko. Nimepanda ngazi karibu na dirisha la dawa, nikaiona kwenye skrini. Wameipaka rangi yao ya bluu na kuweka nembo yao, lakini ni yenyewe. Yule dada akapitisha boksi la dawa, skrini ikawa nyekundu, ikaandika: *Hii imestaafu. Usiisumbue.*"

Kisu kilisimama juu ya majani. Maneno hayo hayangeweza kuandikwa na mtu mwingine. Yalikuwa ya Okinyi, rafiki yake wa tangu chuo, ambaye alikaa naye miaka mitatu wakitengeneza hiyo programu waliyoiita Kabati. Kabati iliiambia zahanati ni dawa gani zimebaki, zipi zinakaribia kuisha, na zipi zimepitwa na tarehe na zitupwe. Zahanati ndogo za Mathare na Mukuru kwa Njenga ziliitumia bila kulipa chochote. Okinyi mwenyewe walimzika Siaya mwaka uliopita. Figo zilimshinda kabla hajatimiza miaka thelathini na mitano.

"Wamekuibia," Opicho alisema.

"Kuichukua si wizi. Tuliiacha wazi, mtu yeyote aichukue, aitumie, hata aibadilishe. Lakini tuliweka sharti. Ukiibadilisha na kuwauzia watu, hayo mabadiliko yako nayo uyaache wazi, wengine wayaone na kuyatumia. Ukitaka kuyafungia, sawa, kuna leseni ya pili. Hiyo unailipia."

"Hao wamelipa?"

"Hapana."

"Na wameacha wazi?"

"Hapana."

"Basi manze, si ndiyo wizi wenyewe huo!"

Muhonja alifuta mikono kwenye leso, akavuta kompyuta karibu, akaanza kuandika barua kwa kampuni iliyoiuzia hospitali ule mfumo. Aliiandika kwa upole, akaifuta, akaiandika tena kwa upole zaidi.

Asubuhi iliyofuata, kwa siku ya tatu, maji hayakutoka. Jengo zima lilikuwa na maji, ila nyumba yao. Muriuki, aliyemkusanyia mwenye nyumba kodi pale Komarock, alikuwa amefunga mfereji wao, na sasa alisimama kwenye ngazi akiongea na simu yake kwa sauti ya kufika ghorofa zote.

"Hapana, hao wa juu bado. Mke ako na kompyuta mzuri kabisa, mkubwa, lakini kodi hakuna. Mimi nishangae tu."

Mlango wa jirani ulifunguka kidogo, ukafungwa. Muhonja alimpa Whitney mtungi mdogo aende kuomba maji kwa mama wa chini. Mtoto alikataa kwanza, akisema ameenda jana na juzi, na mama wa chini amemuuliza kama kwao hakuna baba. Opicho, aliyekuwa akifunga kamba za viatu, aliinua uso. Kisha aliuchukua ule mtungi kutoka kwa mtoto, akateremka mwenyewe.

*

Kampuni ilijibu haraka kuliko alivyotarajia. Walimwita ofisini, ghorofa ya juu, mahali ambapo hata lifti ilikuwa na harufu nzuri. Alimkuta mwanamke wa rika lake aitwaye Mitchelle, msimamizi wa biashara, na wakili mzee asiyetabasamu.

Mitchelle alimsalimia, akamwelekeza kiti, akatazama mlangoni. "Karibu, Madam. Tunamngoja mwenye programu au atachelewa?"

"Mwenye programu ni mimi."

"Ooh!" Mitchelle aliona aibu ya kweli, akaficha uso kwa kiganja. "Niwie radhi. Barua ilisema 'Muhonja', nikadhani ni mwanamume."

"Hata fundi wa kompyuta hudhani hivyo."

Walicheka kidogo, na baada ya hapo mazungumzo yakawa mepesi. Mitchelle hakukana kitu. Alieleza kwamba vijana wao waliikuta Kabati mtandaoni, wakaona neno "bure", wakaishia hapo. Sharti lililo chini yake hakuna aliyelisoma. Sasa walikuwa na njia mbili. Wafungue mfumo wao wote, washindani wao wauchukue na kuuchezea, au wanunue ile leseni ya pili.

"Tunataka kununua," Mitchelle alisema, na akataja kiasi.

Muhonja alitazama glasi ya maji iliyo mbele yake ili uso wake usitoe siri. Kwa kiasi hicho angemlipa mwenye nyumba, angelipa karo ya Whitney, na Opicho angepumzika kupanda ngazi za watu.

Wakili alikohoa. "Ni wewe peke yako uliyeiandika?"

"Tulikuwa wawili. Mwenzangu alifariki."

"Sehemu yake ni kubwa?"

"Ukihesabu mistari, ni kama robo. Yote ya tarehe za dawa na maonyo ni yake."

"Basi ya kwake ni ya kwake, na sasa ni ya warithi wake." Wakili alifunga kalamu yake. "Hiyo ya bure aliikubali alipokuwa hai. Hii ya kuuza hakuna aliyeikubali kwa niaba yake. Bila sahihi ya mrithi, unatuuzia kitu ambacho si chako chote, na sisi tutakuwa tumenunua kesi."

"Ana mama tu," Muhonja alisema.

"Basi mama atie sahihi. Kabla mwezi haujaisha, kama inawezekana. Hospitali nayo imeanza kutuuliza maswali."

*

"Futa jina lake," Opicho alisema jioni hiyo wakila. "Waambie ulikosea, uliandika yote wewe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Sikiza, Mama Whitney. Sisemi Okinyi alikuwa mtu mbaya. Amekula hapa, amelala kwenye hicho kiti. Lakini amekufa. Mamake anauza omena Mathare, hajui hata kuwasha hiyo mashine. Ukimwendea na karatasi atasema hapana, na sisi tutaishi kwa maji ya kuomba."

"Naweza pia kuitoa sehemu yake nikaiandika upya," Muhonja alisema polepole, kama anayejisikiliza. "Hilo si kosa. Wiki mbili tatu, ningemaliza."

"Si ndiyo hiyo sasa! Andika upya!"

Baada ya chakula alifungua kompyuta, akaifikia sehemu yenyewe. Okinyi alikuwa na tabia ya kuandika maelezo ya kazi yake kana kwamba anaongea na mtu aliyeketi naye. Mahali pamoja aliandika, *Muhonja, hapa usiguse, nilipagusa mimi tukakosa usingizi wote.* Mahali pengine, *Huyu nesi wa Mathare amesema herufi ni ndogo. Nimekubali. Nesi hapingwi.* Muhonja alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika mwisho alikuwa hajaandika hata mstari mmoja, na alijua hataandika.

"Nitaenda kwa mamake Jumamosi," alimwambia mumewe.

Opicho alisukuma sahani, akatoka kwenda kusimama barazani.

*

Mama Okinyi, ambaye jina lake ni Roseline, alikuwa na meza yake kando ya njia inayoteremka mtoni, omena, dagaa wakavu, zimepangwa kwa mafungu juu ya gazeti. Alimtambua Muhonja papo hapo. Uso wake ulianza kufunguka, kisha akaiona bahasha ya kahawia mkononi mwa mgeni, ukajifunga.

"Kama ni deni la Okinyi, mimi sina kitu, nyathina, mwanangu. Wenzako walikwisha kuja."

"Si deni, Mama."

"Wale wa mikopo ya simu walikuja na bahasha kama hiyo. Wakaniambia nitie dole, ni ya kusamehewa mkopo wake. Nikatia. Kumbe ni ya kubeba friji." Alipunga nzi kwa kipande cha katoni. "Kwa hivyo leo niambie kwanza unataka nini, ndiyo nikukaribishe."

Muhonja alichuchumaa kando ya meza, maana hapakuwa na kiti cha pili, akaanza kueleza. Alitaja programu, leseni, haki za mwandishi, na kadiri alivyoeleza ndivyo macho ya Roseline yalivyozidi kwenda mbali. Mteja alikuja, akauliza bei, akaenda zake. Hatimaye Muhonja alinyamaza.

"Yaani," Roseline alisema, "ile kompyuta aliyokuwa akiinamia hapo ndani, mimi nikimfokea atoke akatafute kazi kama vijana wengine, ilikuwa inatoa kitu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kitu gani? Nakiona?"

"Hata sasa hivi unaweza kukiona. Kiko hapo kwa zahanati."

Roseline aliziangalia omena zake, akamwita jirani wa nyanya amwangalizie meza, akajifunga leso upya.

Zahanati haikuwa mbali. Roseline mwenyewe alichukulia hapo dawa zake za presha. Mtoaji dawa, kijana mrefu aitwaye Sharmarke, alikuwa peke yake dirishani. Muhonja alipomweleza huyu ni nani, kijana alisimama.

"Mamake Okinyi? Mama, unakuja hapa kila mwezi na hujawahi kusema?"

"Niseme nini? Sikujua kuna la kusema."

Sharmarke aliwaingiza ndani, akamkalisha Roseline kwenye kiti chake mwenyewe. Alimwonyesha jinsi dawa inavyoingia na kutoka, jinsi mashine inavyomkumbusha kuagiza kabla rafu haijawa tupu. Kisha akachukua boksi kutoka kwenye kapu la kutupwa, akalipitisha. Skrini ikawa nyekundu.

"Soma, Mama."

Roseline alisogeza uso karibu, akasoma kwa kutamka kila neno. "Hii... imestaafu. Usiisumbue."

Alicheka, kicheko kikubwa kilichomtoka bila kutarajia, hadi wagonjwa wa nje wakachungulia. "Huyu ni yeye! Hivi ndivyo alivyokuwa akimwambia marehemu babake, akimtania!" Alirudia maneno yale, na mara ya pili sauti ikakatika. Alijifunika uso kwa leso, mabega yakatikisika. Sharmarke aligeuka akajifanya anapanga chupa. Muhonja alibaki amesimama nyuma ya kiti, mkono wake juu ya bega la yule mama, asijue kama auondoe.

Walipotoka nje, Roseline alikuwa amejipangusa uso na maswali yamepangika.

"Hao wa mjini wakinunua, huyu kijana hapa atafungiwa?"

"Hapana. Hapa itabaki bure, na zahanati zote zitabaki hivyo. Ni kama ule mfereji wa kanisa lenu. Si watu wa hapa wanachota bure?"

"Wanachota."

"Na yule wa kuosha magari?"

"Yule anajaza tangi, anafanya biashara. Yule analipa."

"Basi ni hivyo hivyo. Mfereji ni mmoja."

Roseline aligeuka kumtazama. "Na mimi ninapata nini?"

Njia nzima kutoka Komarock Muhonja alikuwa amejiambia robo. Robo ilikuwa haki, mtu yeyote angeihesabu angefika hapo hapo. Lakini alikuwa ametoka kusikia kile kicheko.

"Nusu," alisema.

"Nitatia sahihi," Roseline alisema. "Lakini nina neno langu. Pesa sikatai, mimi si malaika. Nataka jina lake liandikwe huko hospitali ya matajiri, pale yalipo maneno yake. Mtu akisoma, aone ni nani aliyesema."

*

"Nusu?" Opicho alisema. "Nusu, Muhonja?"

Hakumwita Mama Whitney. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na kofia mkononi.

"Nusu."

"Bila kuniuliza."

"Ningekuuliza ungesema hapana."

"Ningesema hapana, ndiyo! Mimi ndiye ninayesikia Muriuki akiniita 'kijana' mbele ya mtoto wangu. Mimi, kijana!" Aliketi kwenye kiti, akaishika kofia kwa mikono miwili. "Na bado nusu itatufaa," alisema mwishowe kwa sauti ya chini. "Ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuipanga yote."

Siku ya sahihi Muhonja alikwenda na Roseline, aliyevaa gauni la kanisani na kubeba barua ya chifu aliyoipata wakati wa kufuatilia akiba ya mwanawe kwenye sacco. Wakili aliisoma mbele na nyuma, akakubali kuwa ndiye mrithi. Lakini habari ya jina ilipotajwa, Mitchelle aliweka kalamu chini.

"Tunaweza kuliweka kwenye ukurasa wa maelezo. Kuna mahali pa kubonyeza."

"Watu hupabonyeza?" Roseline aliuliza.

Mitchelle alifikiria kumdanganya. Ilionekana usoni mwake, na ilionekana pia alipoacha. "Kusema kweli, Mama, hakuna anayepabonyeza."

"Basi si hapo."

"Shida ni kwamba hospitali wanalipia mfumo wenye nembo yao peke yake. Wakubwa wangu watasema jina la nje linapunguza thamani. Nikikubali, itabidi tushushe bei. Na si kidogo."

Alisema watashusha kiasi gani. Roseline hakutikisika. Alimgeukia Muhonja, na Muhonja akaelewa kwamba uamuzi umeachwa kwake, na kwamba yule mama hatamlaumu kwa lolote atakalosema. Mwenye nyumba angelipwa, hata kwa bei hiyo. Karo ingelipwa nusu muhula. Opicho angerudi kwenye ngazi. Alimwona mumewe akishuka na ule mtungi asubuhi ile, mgongo umeinama kuliko uzito wa mtungi.

"Shusheni," alisema.

Alikunywa maji, akatia sahihi, akampisha Roseline. Roseline alikataa wino wa dole, akaomba kalamu, akaandika jina lake lote, taratibu, kila herufi imesimama peke yake.

*

Opicho alipoambiwa hakupiga kelele. Aliuliza kilichobaki ni kiasi gani, akakubali kwa kichwa, na pesa zilipoingia kwa Muhonja akaenda kumlipa Muriuki mwenyewe. Maji yalitoka kabla hajarudi juu. Aliporudi alisimama mlangoni mwa jikoni.

"Ile siku nilisema ufute jina. Yule mama usimwambie."

"Sikumwambia."

"Usimwambie kabisa."

Jumatatu, siku ya kumhamishia Roseline nusu yake, ni yeye aliyejitolea kwenda nao benki. Alisema wanawake wawili hawawezi kupita mjini na shughuli kama hiyo bila mtu, ingawa pesa zenyewe zilikuwa zinahama kutoka akaunti hadi akaunti bila mtu kuzishika. Roseline alikuwa anafungua akaunti kwa mara ya kwanza. Aliketi mbele ya msichana wa benki, mkoba juu ya magoti, Muhonja upande huu na Opicho upande ule.

"Mama, kwa sababu ni kiasi kikubwa kidogo, ni lazima nijaze zinatoka wapi," msichana alisema. "Ni biashara? Umeuza shamba?"

"Ni mshahara wa kijana wangu."

"Sawa." Msichana aliandika. "Anafanya kazi wapi?"

Muhonja alifungua mdomo kueleza, maana hakuna mwingine aliyeweza kueleza habari ya mrithi na haki na leseni. Opicho alimgusa bega nyuma ya kiti cha Roseline, akamzuia.

Roseline alikaa sawasawa kwenye kiti.

"Hospitalini," alisema. "Kwenye dawa."